Kabla Hujapanda Farasi, Angalia Uzio

Tuseme ukweli tu. Mwambie mtu wa Dar kwamba wikiendi hii wewe na mwenzi wako mnakwenda kupanda farasi, atacheka kwanza, halafu atakuuliza mnakwenda kucheza filamu gani. Farasi kwetu ni mnyama wa sinema za Kihindi, wa kalenda za ukutani, na siku hizi wa bwana harusi anayetaka kuingia ukumbini kwa mbwembwe. Mnyama wa kuishi naye, wa kumjua hadi namna anavyokohoa? Hapana bwana, huyo ni ng'ombe, au mbuzi wa bibi kijijini.

Kumbe wapo, na hawako mbali kihivyo. Ukitoka Arusha mjini ukashika barabara ya Moshi, ukapita Tengeru (ikiwa ni Jumamosi utakwama kidogo, maana siku hiyo watu wote wako sokoni), baada ya kilomita 20 na ushee unaingia Usa River. Kushoto kwako una Mlima Meru, zaidi ya mita 4,500 za jiwe na wingu. Kulia mashamba yanateremka taratibu kuelekea tambarare. Ukiacha lami ukafuata njia za vumbi katikati ya mibuni na migomba, utaanza kuona kitu usichokizoea: mbao zimepigwa mlalo kwenye nguzo, majani mafupi kama zulia, na nyuma ya mbao hizo wanyama warefu wenye shingo za kiburi, wanakula kama hawadaiwi na mtu.

Kuanzia hapa hadi miteremko ya Kilimanjaro, upande wa Machame na West Kilimanjaro, kuna mashamba kadhaa ya farasi. Mengine ni ya watu binafsi na hutafunguliwa geti. Mengine yanapokea wageni kwa saa moja, kwa siku nzima, hata kwa safari ya siku kadhaa porini. Kwa wapenzi waliochoka kila Jumamosi kukaa baa ileile wakiangaliana kupitia simu, hii ni sehemu ya kwenda. Hewa ya baridi, kahawa inayonukia, na mnyama wa kilo 400 ambaye hajali cheo chako ofisini.

Sisi lakini tulikwenda na ajenda. Mume wangu alisikia kwamba shamba moja huko linauza farasi jike wa rangi ya kahawia, mpole, umri miaka tisa. Na sisi tuna kiwanja, robo tatu eka, upande wa chini wa barabara, tulichokinunua kwa mkopo wa kazini na ambacho hadi sasa hakina hata choo. Wenzetu wakipata kiwanja wanawaza tofali na nondo. Huyu wa kwangu akawaza farasi. "Tutamjengea uzio, atakula majani, shida iko wapi?" Mimi hela ile nilikuwa nimeshaipigia hesabu ya msingi wa nyumba. Mnajua mazungumzo ya aina hiyo yanavyokwenda; siku ya tatu mtu anaanza kufunga milango kwa nguvu. Tukakubaliana kwamba kabla ya kugombana zaidi, twende tukaone kwanza.

Kabla sijakupeleka ndani ya geti, nikuambie kwa nini farasi ni adimu huku, maana ndiko kwenye kiini cha mambo yote. Farasi ni mgeni kwetu. Hata jina lake tumelipokea kutoka kwa Waarabu. Zanzibar alikuwa mnyama wa majumba ya kifalme: Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 anasimulia alivyopanda farasi utotoni. Lakini ukivuka kuja bara hadithi inabadilika. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilikwenda kwa miguu ya watu na mizigo vichwani mwao, na sababu moja kubwa ni kwamba wanyama wa kubeba walikuwa wanakufa njiani. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley aliondoka pwani kumtafuta Livingstone akiwa na farasi wawili. Wote wawili walimfia mapema tu, safari haijachangamka.

Wajerumani nao walihangaika. Mnamo mwaka 1900 hivi, hukuhuku Kilimanjaro, mtu aliyeitwa Fritz Bronsart von Schellendorff alijaribu kufuga pundamilia ili wafanye kazi ya farasi. Wazo halikuwa la kijinga: pundamilia ni mwenyeji, magonjwa ya huku hayamtishi. Tatizo ni tabia. Pundamilia hapendi kutumwa. Mradi haukufika popote, na pundamilia wamebaki kuwa pundamilia, wapo hadi leo Hifadhi ya Arusha, pale nyuma ya Usa River. Washike akilini hao, tutawarudia.

Shamba tulilokwenda halina bango kubwa. Mlangoni tulipokewa na mzee mmoja mwembamba, kofia ya pama, buti za mpira. Yeye ni saisi, yaani mtunza farasi, kazi aliyoianza kijana na sasa ana wajukuu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Mmekuja kupanda au kuangalia?"

"Kuangalia kwanza."

"Hapo mmeanza vizuri. Wengi wanapanda kwanza, wanaangalia wakishaanguka."

Nikadhani atatupeleka bandani moja kwa moja tukamwone huyo jike anayeuzwa. Wapi! Akatuzungusha kwanza uzio. Kiwanja kile cha majani ambamo farasi wanashinda wenyewe wanakiita padoki, na mzee anakizunguka kwa miguu kila asubuhi kabla hajamtoa farasi hata mmoja. Anagusa mbao. Anatikisa nguzo. Anaangalia chini kama mtu aliyedondosha pete.

Sababu yake ni hii. Farasi ameumbwa kukimbia. Simba kwake ni kumbukumbu iliyoko kwenye damu, hata kama amezaliwa bandani na hajawahi kumwona. Mfuko wa nailoni ukipeperuka, pikipiki ikipiga mlio, anakimbia kwanza na kufikiri baadaye. Sasa mkute huyo, kilo 400 na kitu, mwendo wa gari, anaelekea kwenye seng'enge ya miiba. Ng'ombe akigusa seng'enge anarudi nyuma. Farasi akinaswa anapigana nayo, na kadiri anavyopigana ndivyo ngozi inavyochanika hadi mfupani. Mzee alituonyesha mguu wa farasi mmoja mweupe, una kovu refu kama zipu. Alinunuliwa akiwa nalo. "Huyu alikaa nyumba ya seng'enge," alisema, kama vile mtu anavyosema fulani alikaa jela.

Kwa hiyo hapa ni mbao tupu, mistari mitatu, ya juu inafika kifuani kwa mume wangu. Na mbao zimepigiliwa upande wa ndani wa nguzo. Mimi nisingegundua. Zikipigiliwa nje, farasi akiegemea anazing'oa misumari, na akikimbia kandokando ya uzio anagonga bega kwenye nguzo. Pembe za kiwanja nazo zimepindishwa, hakuna kona kali. Farasi wana vyeo vyao, wanafukuzana, na mnyonge akibanwa konani hana pa kutokea ila kuruka au kupigwa mateke. Mashimo ya fuko yanafukiwa siku hiyohiyo, maana mguu wa farasi ukiingia shimoni akiwa mbioni, mara nyingi hadithi inaishia hapo.

Nikaona pia visiki viwili vikubwa nje kidogo ya uzio. Ilikuwa miparachichi. Meru bila parachichi ni nini jamani? Lakini mparachichi una sumu kwa farasi, matunda na hasa majani yake: kichwa kinaweza kuvimba, tumbo linamsokota, na farasi jike anayenyonyesha matiti yanavimba na maziwa yanapungua. Mwenye shamba aliikata miti yote iliyokuwa inaning'inia upande wa ndani. Jirani yake bado anamwona kichaa.

Mume wangu alikuwa kimya. Nilimjua tu, alikuwa anahesabu. Kiwanja chetu kina miparachichi minne.

Kuhusu chakula, wengi wetu tunadhani farasi ni ng'ombe mwenye mwendo. Sivyo. Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne, anacheua, anasamehe mengi. Farasi ana tumbo dogo kwa mwili wake, na hawezi kutapika. Kilichoingia kimeingia. Kwa hiyo anatakiwa kula kidogokidogo karibu kutwa nzima, hata saa 16 kati ya 24, majani na majani makavu, sio sinia moja kubwa la pumba asubuhi halafu basi. Ukimjaza nafaka ghafla, au ukimbadilishia chakula kwa siku moja, tumbo linasokota. Anajilaza, anajiviringisha, anageuka kujitazama ubavuni, jasho linamtoka. Watu wa mifugo watakwambia msokoto wa tumbo ni miongoni mwa mambo yanayoua farasi wengi zaidi duniani, na mara nyingi daktari akifika kwa kuchelewa hana la kufanya.

Halafu pumba zenyewe. Sumukuvu tunayoisikia kwenye mahindi ya binadamu ipo ya aina nyingi, na iko moja ambayo farasi haiwezi kabisa. Mahindi yaliyoota ukungu yanaweza kumharibu ubongo: leo anayumba kama mlevi, kesho anagonga kichwa ukutani, na dawa yake haipo. Kwenye stoo ya pale magunia yamepangwa juu ya mbao, hayagusi sakafu wala ukuta, na gunia likinusika vibaya halipewi farasi. Nilimwuliza mzee kuhusu wageni wanaokuja na mkate au mabaki ya muhindi wa kuchoma ili wapige picha wakilisha. Alicheka bila sauti. "Mgeni analisha dakika moja. Mimi nalala na huyo mnyama usiku mzima."

Maji nayo ni habari ya kipekee ya eneo hili. Kijiji kinachofuata baada ya Usa River kinaitwa Maji ya Chai, na jina si mzaha, mto wake una rangi hiyo. Miteremko ya Meru ina madini mengi ya floraidi, ndiyo maana utakutana na watu wazuri wa sura lakini meno yana rangi ya kahawia. Floraidi ikizidi inaharibu meno na mifupa, na mifugo haina kinga ya peke yake. Farasi anakunywa ndoo mbili za lita 20 kwa siku, na zaidi kukiwa na joto au akifanya kazi. Piga hesabu ya miaka. Shamba lile linakinga maji ya mvua kwenye matangi, na kisima chao walipeleka maji maabara kwanza. Usa River nzima ni kijani na chemchemi kila kona, lakini sio kila maji mazuri kwa macho ni ya kunywesha.

Mambo ya kwato, meno na minyoo nitayapitia haraka tu. Kwato zinakua kama kucha zako, fundi anazipunguza kila baada ya wiki sita hadi nane, na fundi kwato wa kweli nchi hii unaweza kuwataja majina wote ukiwa unasubiri chai. Meno yanaangaliwa kila mwaka. Dawa ya minyoo siku hizi wanaojua hawaitoi kwa mazoea. Wanapima kinyesi kwanza, kwa sababu minyoo imeanza kuzizoea dawa. Kupe wanatolewa kwa mkono kila jioni, masikioni, chini ya mkia, maana wanaleta ugonjwa unaoshambulia damu.

Na mavi. Samahani kama unasoma huku unakula, ila sijaona kitu kilichonivutia pale kama lile toroli. Farasi mmoja anatoa kilo 15 na zaidi kwa siku. Kijana mmoja anapita na reki, anaokota yote, anapeleka rundo mbali kabisa, na yakishaoza yanakwenda kwenye kahawa. Kiwanja kimebaki kisafi kuliko fukwe nyingi nilizokaa. Nikadhani ni usafi wa kupendezesha wageni. Mzee akasema sio wageni, ni visubi.

Hapo sasa ndipo nilipotaka kukufikisha.

Kuna ugonjwa unaoitwa ugonjwa wa farasi wa Afrika. Ni wa kwetu kabisa, umezaliwa bara hili. Hauambukizi binadamu, na farasi hampi mwenzake kwa kugusana. Unasambazwa na visubi, vile vidudu vidogo kuliko mbu, milimita moja hadi tatu, vinavyopenya hata kwenye chandarua cha kawaida. Vinazaliana kwenye tope lenye mbolea, kando ya birika linalovuja, kwenye mavi yaliyolowa. Farasi asiye na kinga akiupata, uwezekano wa kufa ni mkubwa kuliko wa kupona. Kwa aina kali zaidi ya ugonjwa huo, karibu wote wanakufa. Homa inapanda, mabonde juu ya macho yanavimba, mapafu yanajaa maji, povu linatoka puani. Wengine asubuhi wanakula vizuri, usiku hawapo.

Na pundamilia? Pundamilia anaubeba bila kuugua. Anakula majani yake kule hifadhini, damu yake ina virusi, kisubi kinamuuma, kinakuja kumuuma farasi. Yule Mjerumani wa mwaka 1900 alikuwa na hoja. Mwaka 2020 ugonjwa huu uliingia Thailand, nchi ambayo haikuwahi kuuona, na kidole cha kwanza kilinyooshwa kwa pundamilia walioagizwa kutoka Afrika. Farasi zaidi ya 500 walikufa katika miezi michache.

Chanjo ipo. Inatolewa kila mwaka, kwa awamu mbili, na haifuti hatari yote kwa sababu virusi vyenyewe vina aina tisa. Kinachobaki ni saa. Visubi hivi vinauma zaidi kuanzia jua linapokaribia kuzama hadi jua linapochomoza na kupanda kidogo, na havipendi sana kuingia ndani. Basi kwenye shamba lile, saa 11 jioni farasi wote wako bandani, na asubuhi hawatoki kabla ya saa mbili na nusu. Msimu wa mvua, Machi hadi Mei, na wiki kadhaa baada ya mvua kukatika, hakuna mjadala juu ya hilo. Hata aje waziri.

Sasa umeshaona tatizo liko wapi? Sisi wapenzi tunataka nini tukiwaza farasi? Jua linazama, anga ya machungwa, nywele zinapepea, picha moja ya kuweka ukutani sebuleni. Yaani tunataka ile saa hasa. Kila mgeni anaiomba, mzee alisema. Wengine wanakasirika. Wengine wanatoa noti pembeni.

Zamani alifanya kazi shamba jingine, sitalitaja, na hata yeye hakulitaja. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua imepumzika siku mbili. Wakaja bibi na bwana harusi wapya, wakataka picha za machweo, wakalipa vizuri. Mwenye shamba akasema sawa. Farasi aliyechaguliwa alikuwa jike mweupe kwa sababu anapendeza kwenye picha na shela. Kazi ikaisha saa mbili usiku. Mwaka huo chanjo ilikuwa imerukwa, walikuwa wanabana matumizi. Baada ya siku chache jike akakataa chakula, macho yakavimba kwa juu, na siku ya sita mzee alikesha naye akimfuta povu puani kwa shati lake mwenyewe. Alfajiri akafa. Alikuwa na mimba ya miezi tisa. Farasi hubeba miezi 11.

"Ni jioni ile iliyomuua?" mume wangu aliuliza.

"Sijui, mwanangu. Kisubi hakiandiki tarehe. Ila najua jioni zile nyingine zote nilimwingiza mimi."

Tukakaa kimya. Mbele yetu kulikuwa na yule jike wa kahawia, anayeuzwa. Mrembo kweli, sikatai. Alikuwa ameweka kidevu juu ya mgongo wa farasi mwingine mzee, macho nusu yamefumba. Mzee akatuambia hao wawili hawaachani, mmoja akitolewa mwenzake anaita mpaka sauti inakauka. Farasi ni mnyama wa kundi. Ukimweka peke yake anazunguka uzio, anaguguna mbao, anakonda, na ndiyo maana mtunzaji mzuri hakuuzii mmoja wa kwenda kukaa mwenyewe.

Mume wangu akavuta pumzi. "Kwa hiyo ni wawili."

"Wawili. Na kila mmoja umpe walau nusu hekta ya kutembea, tena uigawe mara mbili ili majani yapumzike. Kiwanja chenu kina ukubwa gani?"

Sikutaka kumwangalia mume wangu usoni pale. Kuna ushindi mwingine kwenye ndoa hauna utamu wowote.

Tulipanda siku iliyofuata, saa nne asubuhi, hewa safi, Meru imevua mawingu. Kabla ya kupanda waliuliza uzito wa kila mmoja, na nakuomba msomaji wangu ukiulizwa usinune. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba mpandaji na tandiko lake wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi. Farasi wa kilo 400, mwisho kilo 80 jumla. Mimi nilipewa yule mweupe mwenye kovu. Mume wangu akapewa dume kubwa kuliko wote, na hatutazungumzia hilo zaidi. Kofia ngumu ni lazima, na viatu vya kufunika vyenye kisigino kidogo. Dada, zile sandozi acha hotelini. Usimwendee kwa nyuma, hapo hakuoni. Mwendee ubavuni kwenye bega, unaongea, na mwache akunuse.

Saa mbili tulizopita katikati ya kahawa na kando ya mto zilikuwa tamu ile mbaya. Mnapopanda pamoja hamwezi kuongea sana, mnasikiana tu: kwato, matandiko yanavyolia, yule mbele anacheka. Picha tulizopiga zina mwanga mkali wa saa sita, tumekunja nyuso, mimi nina jasho. Ziko sebuleni.

Ukitaka kwenda, chagua Januari na Februari, au Juni hadi Septemba kukiwa kukavu. Kutoka Dar kwa basi ni siku nzima, kwa ndege unashuka KIA na hapo Usa River ni njiani ukielekea Arusha. Nyumba za kulala zipo za kila mfuko. Na kabla hujalipa chochote, zunguka uzio wao. Angalia kama ni mbao au seng'enge. Angalia birika la maji, chini yake kuna tope? Angalia mbavu za farasi, na mgongoni kama kuna vidonda vya tandiko. Halafu uliza swali moja kwa upole: farasi wenu wanaingia bandani saa ngapi? Akikujibu "saa yoyote mnayotaka ninyi", mshukuru, mkanywe kahawa Tengeru.

Farasi hatukununua. Mume wangu sasa anapanda basi la Usa River Jumamosi moja kila mwezi, anasukuma toroli la mavi hadi saa sita, halafu mzee anamfundisha kupanda bila kumtoza. Anarudi ananuka, ana furaha ya mtoto. Msingi wa nyumba tumeuchimba, miparachichi minne imebaki.

Mwezi uliopita mzee alipiga simu kusema jike wa kahawia ameuzwa, yeye pamoja na rafiki yake mzee, wamekwenda West Kilimanjaro. Mume wangu hakuuliza bei.

"Huko uzio wao ni wa nini, mzee?"

"Mbao. Nilikwenda mwenyewe kuuzunguka."